Kopo la Mawese na Barua ya Ndikumana

Risala ya wanachama kumi na mmoja wa Chama cha Wanamieleka Nguvu Sawa, Ujiji, kwa mlezi wao, Alhaji Ashraf. Imesomwa ndani ya ghala la nyavu, Katonga, Jumapili tarehe 29 Agosti 1999, saa nane mchana, kabla ya geti kufunguliwa.

Mgeni rasmi, Alhaji Ashraf, mlezi wetu na mwenye ghala hili tulilomo;
Ndugu Khalfani, Mwenyekiti na bingwa wetu, uliyekaa mkono wake wa kulia;
Mama Kuruthumu wa tiketi na jikoni;
Ndugu wanachama.

Shikamoo Alhaji. Asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo kwa wale wa upande wa dirishani.

UKARIBISHO

Karibu sana. Tunajua umezoea kusomewa risala uwanjani, kwenye kipaza sauti, huku watu wanapiga makofi hata pasipostahili. Leo tumekuomba uingie ndani, na mlango tumeutia komeo. Usiwe na wasiwasi. Nje kuna watu zaidi ya mia tatu wenye tiketi, na wengi wao ni wavuvi wa maboti yako, wanaolala nchi kavu siku hizi kwa sababu mwezi ni mpevu na dagaa hawafuati taa. Watu hao wanaamini kwamba sisi tunapopanda ulingoni hatujui nani atashinda. Imani yao ndiyo inayotulisha. Yaliyomo kwenye karatasi hii wakiyasikia, kesho tunarudi wote kushona nyavu.

Wewe unajua siri hiyo tangu siku ya kwanza, ndiyo maana tunasema nawe.

Ndugu Mwenyekiti anaisikia risala hii kwa mara ya kwanza, kama wewe. Tulimwambia ni ya kuomba turubai. Tunamtaka radhi kwa hilo, na kwa hilo tu.

HISTORIA FUPI

Chama kilianzishwa mwaka 1988 na marehemu Mzee Ramadhani, fundi nyavu, aliyeishi Kalemie miaka mingi akajifunza huko mieleka ya maonyesho, ile ambayo wenzetu wa ng'ambo ya ziwa wanaiita kachi. Alirudi na turubai moja na ujuzi wa kuanguka. Miezi sita ya kwanza hakutufundisha kitu kingine. Tulianguka asubuhi, tukaanguka jioni, na aliyeuliza lini ataangusha mwenzake aliambiwa aanguke tena.

Mwanzoni Mzee alikuwa akitamka matokeo humu humu ghalani: fulani atashinda, fulani ataanguka dakika ya nne. Tarehe 11 Machi 1990 aliyatamka saa nne asubuhi. Kuta hizi ni za mbao, na mbao zina nyufa. Kufika adhuhuri, wauza nyanya wa soko la Mwanga walikuwa wanayajua yote, hata bega litakalotangulia kugusa chini. Jioni watu walikuja uwanjani kukagua kama tumefuata. Tangu siku hiyo Mzee aliweka sheria ambayo haijavunjwa: matokeo hayatamkwi. Hayaulizwi, hayaelezwi, hayanong'onwi.

Badala yake akaleta kopo la mawese. Sote hujipaka mawese kabla ya pambano ili tung'ae na tuteleze. Basi ikawa kwamba wawili wanaokutana, yule anayepewa kopo kwanza, akachovya mkono wa kulia na kujipaka kifuani mbele ya mwamuzi, huyo ndiye mshindi. Anayechovya wa pili anaanguka. Mzee alikuwa akilizungusha kwa haki. Leo kwako, mwezi ujao kwangu. Hata Feliksi wa Mwandiga, ambaye ana uso wa mtu wa kushindwa, aliwahi kuchovya kwanza mara saba.

Mzee Ramadhani alifariki tarehe 9 Mei 1994. Siku hiyo hiyo msibani, Ndugu Khalfani alisema atalihifadhi kopo kwa siku arobaini mpaka chama kikae. Sisi hatusemi kwa ubaya, tunasema kwa tarehe. Leo ni siku ya elfu moja mia tisa thelathini na nane, na chama bado hakijakaa.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio ni mengi. Tumecheza Mwanga, tumecheza Mwandiga, na mwaka 1996 tulicheza kwenye kambi ya wakimbizi siku ya michezo. Huko ndiko tulikompata Ndugu Ndikumana. Kwao Rumonge alikuwa mkwea michikichi, na alikuwa ameanguka kutoka kwenye michikichi mara kumi na moja bila kuvunjika. Tulipoomba mtu wa kujaribu ulingoni, alipanda, akasukumwa kidogo na Feliksi, akaanguka kwa namna ambayo Bonaventura mwamuzi wetu alisahau kuhesabu.

Fanikio kubwa ni kwamba bingwa wetu, Ndugu Khalfani, Radi ya Ujiji, hakushindwa pambano hata moja tangu Mei 1994 mpaka Juni mwaka huu. Hilo ni fanikio lake, na ni kazi yetu. Feliksi ameanguka mbele yake mara arobaini na moja. Ndikumana mara ishirini na sita. Wengine tumeacha kuhesabu kwa sababu ya magoti.

JAMBO LA TAREHE 27 JUNI

Hili Mgeni rasmi umelisikia kwa upande mmoja, chakulani, maana mkeo Bi Zuleha ni dada yake Mwenyekiti. Tunaomba ulisikie na kwa upande wa pili, kama Ndikumana alivyolipitia.

Siku hiyo kulikuwa na ubaridi wa kipupwe na upepo ulitoka ziwani. Ndikumana alifika mapema, akakuta kopo juu ya benchi, mawese yameganda kama sabuni ya mche. Alikaa mwisho wa benchi, mbali nalo. Pambano lake lilikuwa na Mwenyekiti, na kichwani alikuwa na mwanguko mpya aliojifundisha peke yake mchangani wiki mbili: wa kuzunguka hewani mara moja na kutua kwa mgongo mzima. Alitaka kumpa Mwenyekiti kama zawadi. Alikuwa na furaha, mwenyewe anasema hivyo.

Mwenyekiti akapita mlangoni juu ya baiskeli, akielekea Mwanga kusalimia mashabiki. Akachungulia kopo.

"Mabonge haya nani atajipaka? Yataniacha na madoa kama mwenye surua. Ndikumana, lipashe."

Akaenda zake.

Ndikumana alifikiri sana. Kulipasha ni lazima alishike. Lakini kulishika si kulichovya. Akalishika kwa kitambaa, akalipeleka nyuma kwa Mama Kuruthumu, aliyekuwa anakaanga mihogo, akaliweka pembeni mwa jiko.

"Toa hilo, linanivutia moshi," Mama Kuruthumu akamwambia baada ya muda. "Limeshayeyuka."

"Juu limeyeyuka, mama. Chini sijui."

"Si uchovye ujue. Mwanaume mzima unaogopa mafuta."

"Siruhusiwi, mama."

"Na nani? Mimi nachovya humo kila wiki nakaangia, mbona sijawahi kuwa bingwa."

Ndikumana akatazama kushoto, akatazama kulia, akachovya kidole. Kumbe chini ndiko kulikokuwa na moto. Akaungua, akasema "yoo", na kwa kuwa hakuwa na shati, akakifuta kidole kifuani. Akainua macho. Bonaventura alikuwa amesimama mlangoni na filimbi yake shingoni, anamtazama.

Mgeni rasmi, Bonaventura ni mtu wa kanisa. Hasemi uongo wowote zaidi ya ule wa kazini. Ameona mkono wa kulia, ameona mawese, ameona kifua. Kopo limesema. Hakuuliza, kwa sababu kuuliza ni kutamka matokeo. Ndikumana hakueleza, kwa sababu kueleza ni kutamka matokeo. Mama Kuruthumu angeweza kusema ilivyokuwa, lakini katika miaka kumi na moja hatujawahi kumwuliza jambo lolote la chama. Kosa hilo ni letu sote, tunalikiri mbele yake.

Mwenyekiti akarudi, akachovya mkono mzima, akajipaka mpaka masikioni. Kwa hesabu ya Bonaventura, huyo alikuwa wa pili.

Dakika ya nne, kama ilivyo ada, Mwenyekiti aliinua mkono juu, akapiga mguu chini, akamgusa Ndikumana paji la uso kwa vidole viwili. Hiyo ndiyo Radi. Ndikumana akaruka, akazunguka, akatua kwa mgongo mzima. Watu wakashika vichwa. Alipokuwa chini aliwaza, basi, Mwenyekiti atafurahi. Mwenyekiti akamlalia. Bonaventura akapiga magoti, akahesabu moja, akahesabu mbili, kisha akaanza kufunga kamba ya kiatu.

"Bona, malizia," Ndikumana akasema bila kusogeza midomo.

"Inuka."

"Niinuke niende wapi? Mimi nimekufa."

"Hujafa. Inuka kaka, watu wanatazama."

"Hesabu tatu, wewe," Mwenyekiti naye akasema, akiwa juu.

"Tatu ninayo," Bonaventura akajibu. "Siyo yako."

Ndikumana akainuka kwa sababu mwamuzi amesema. Akasogea karibu na Mwenyekiti ili apigwe tena. Akapigwa, akaanguka. Moja, mbili, kamba ya kiatu. Akaanguka mara ya tatu bila kuguswa vizuri. Mara ya nne alianguka Mwenyekiti akiwa bado anavuta pumzi upande wa pili wa ulingo. Mara ya tano aliona kwamba huenda tatizo ni mwanguko mpya, akarudia ule wa zamani. Mara ya sita alitoka ulingoni kabisa akakaa chini mchangani kati ya watazamaji, na watazamaji wakamnyanyua wakamrudisha, wengine machozi yanawatoka.

Maana, Mgeni rasmi, watu hao hawakujua habari za kopo. Wao waliona mtu anayepigwa Radi mara sita na kuinuka mara sita. Pwani yote hii hapajawahi kuonekana kitu kama hicho. Jina lake la ulingoni, Gogo la Ng'ambo, ambalo Mwenyekiti alimpa kwa kumdharau, likaanza kuimbwa. Gogo, Gogo. Wavuvi wako ndio walioanza.

Mwenyekiti hakuwa amecheza zaidi ya dakika tano tangu 1994. Ilikuwa dakika ya kumi na saba. Alitaka kupiga mguu chini kwa Radi ya saba, mawese yalikuwa yamechuruzika mpaka unyayoni, akateleza, akaenda chali. Ndikumana alimkimbilia. Aliinama, akamwekea mkono kifuani, akamwuliza, "Mwenyekiti, umeumia?"

Bonaventura akahesabu moja mbili tatu kwa pumzi moja.

Watu walimbeba Ndikumana juu juu mpaka majini na kumrudisha. Alikuwa anageuza shingo nyuma kumtafuta Mwenyekiti amwombe msamaha, anapunga mikono, anasema kwa Kirundi, oya, oya, yaani hapana, na wao wakadhani ni kibwagizo, wakaitikia. Alipewa mikungu miwili ya ndizi na migebuka minne. Kabla jua halijazama alikuwa ameshafika nyumbani kwa Mwenyekiti na hiyo migebuka. Bibi Shadya, mke wa Mwenyekiti, alitoka akaipokea, akashukuru. Mwenyekiti hakutoka. Samaki walipokelewa, msamaha haukupokelewa.

MATATIZO

Tatizo ni moja. Turubai lina tundu, Feliksi ameshazama humo mguu mara mbili, lakini hilo si tatizo, ni tundu.

Ndugu Ndikumana anaishi nje ya kambi kwa kibali cha shughuli za michezo. Kibali ni cha miezi mitatu mitatu, na ili kiongezwe anatakiwa kupeleka barua ya chama. Ofisini hawajawahi kumnyima; akipeleka barua, anapata. Barua yenyewe ni mistari minne, inasema huyu ni mwanachama wetu hai. Imepigwa chapa Mwanga. Haina saini ya Mwenyekiti. Kibali kinakwisha kesho Jumatatu.

Kwa kibali hicho wanaishi watu watatu. Yupo yeye, yupo mkewe Regina anayeshona sare za shule barazani Mwandiga, na yupo mtoto wao Verediana, darasa la pili, wa kwanza kwa hesabu katika watoto themanini na mmoja. Pasipo barua, kesho wote watatu wanapanda lori kurudi kambini. Cherehani haipandi, ni ya kuazima.

Sasa tarehe. Tarehe 5 Julai Mwenyekiti aliombwa saini, akasema kalamu haina wino. Tukampelekea kalamu. Tarehe 12 Julai alisema kalamu ni nyekundu. Kweli ilikuwa nyekundu, tukampelekea ya bluu. Tarehe 2 Agosti alisema muhuri umekwenda kwa fundi. Muhuri, Mgeni rasmi, ni kipande cha raba ya kiatu. Hauna mahali pa kuharibika. Tarehe 16 Agosti alichoka, akatuambia ukweli, na kwa hilo tunamheshimu. Alisema, "Mkimbizi hushukuru, hadai."

Hayo maneno tumekaa nayo siku kumi na tatu. Mwenyekiti, tunakujibu ukiwa umekaa. Sisi wa Ujiji tunajuana. Babu wa baba yako alivuka ziwa hili hili kutoka Umanyema, amebeba pembe ya ndovu ya mtu mwingine begani, na hakuna aliyemdai barua. Alipewa kiwanja, akapewa mke, na kwa ukoo huo leo tuna bingwa. Wengi wetu humu tumetoka huko huko. Mgeni rasmi naye hatumsemi, maana ni mgeni rasmi.

Siku hiyo hiyo Mwenyekiti alitoa masharti. Leo Ndikumana aanguke dakika ya kwanza, kifudifudi. Ashike kipaza sauti aseme nimekoma. Na jina la Gogo aliache, aitwe Gunia. Akiyatimiza, Mwenyekiti ataifikiria barua wiki ijayo.

Tulikasirika. Ndikumana hakukasirika.

"Mimi nakubali," alituambia. "Kuanguka ni kazi yangu. Gunia, Gogo, yote ni mizigo."

"Na barua?" Feliksi akamwuliza.

"Ataifikiria."

"Wiki ijayo utakuwa kambini, ndugu yangu. Ataifikiria akiwa huku."

Ndikumana alichukua wavu akaanza kushona mahali ambapo hapakuwa pametoboka.

Tulikwenda pia kwa Bi Zuleha, dukani kwake sokoni Mwanga, tukimwomba amsemeshe mdogo wake. Tunamnukuu kwa ruhusa yake. Alisema: "Khalfani nimemlea mimi. Tukicheza karata, asiposhinda hali. Tukawa tunamwachia ili ale. Sasa mnaniletea mimi kesi, wakati nanyi mmemwachia miaka mitano."

Alhaji, tulinunua chumvi tukaondoka.

YALIYOTOKEA ALHAMISI

Alhamisi hii iliyopita Mwenyekiti alituita mazoezini ili atoe kutu kabla ya leo. Alianza na Feliksi. Dakika ya nne akainua mkono, akapiga mguu, akamgusa paji la uso kwa vidole viwili. Feliksi akabaki amesimama.

Hatukuwa tumepanga. Feliksi anasema alikuwa anawaza habari za cherehani.

"Mbona huanguki?" Mwenyekiti akauliza.

"Samahani Mwenyekiti. Rudia."

Akarudia. Feliksi alisimama vile vile, safari hii makusudi, tulimwona usoni. Mwenyekiti akamsukuma kwa viganja. Akamvuta mkono. Akamzunguka nyuma akamkumbatia kiunoni akajaribu kumnyanyua, akatoa sauti kama anayefungua chupa. Akamning'inia shingoni, miguu yote miwili juu. Feliksi alipepesuka hatua moja tu, tena kwa adabu.

"Wewe Feliksi, unanifanyia nini?"

"Mimi, Mwenyekiti? Mimi nimesimama tu."

Baada ya robo saa Mwenyekiti alikaa chini kupumua. Tukatazamana sote kumi na mmoja. Ndipo tulipokumbuka, kama watu walioamka, kwamba huyu mtu miaka mitano yote hajawahi kumwangusha mtu yeyote. Hajui. Mzee Ramadhani alitufundisha kuanguka, na tangu 1994 hakuna aliyewahi kumnyima mwanguko, sasa angejifunzia wapi? Radi ya Ujiji ilikuwa inapiga kwenye miili yetu kwa hiari yetu. Hatukumcheka. Tulicheka baadaye, tulipofika Mwanga.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi tisa. Tumefuta manane, likiwemo la turubai na la dawa ya kuchua. Limebaki hili.

Kifungu cha saba cha katiba yetu, alichokiandika Mzee Ramadhani kwa mkono wake, kinasema: "Mwenyekiti asipoweza, mlezi atatia saini." Hakisemi asipoweza kwa ugonjwa au kwa safari. Kinasema asipoweza. Kwa miezi miwili Mwenyekiti hajaweza, ushahidi ni kalamu mbili tulizompa. Mlezi ni wewe. Barua anakuletea Mama Kuruthumu sasa hivi pamoja na kalamu, ambayo ni ya bluu na tumeijaribu. Tunaomba utie saini kabla geti halijafunguliwa.

Tunafahamu kwamba Mwenyekiti ni shemeji yako na mnakula sinia moja. Tunafahamu pia, maana tunamwona kutoka hapa, kwamba anatikisa mguu. Kwa hiyo tusipeane hofu, tueleze waziwazi yatakayofuata.

Ukitia saini, tutafungua geti na onyesho litakwenda kama lilivyopangwa. Mwenyekiti atachovya kwanza. Ndikumana atamwangukia, nasi wengine tutaangukiana kwa zamu, na Radi ya Ujiji atarudi kuwa bingwa mbele ya watu mia tatu kabla ya alasiri kuisha. Hatuutaki ubingwa wake. Hatutaki hata kopo, akae nalo arobaini nyingine.

Usipotia saini, geti litafunguliwa vile vile. Hatugomi. Mgomo tunaujua na tunajua wagomaji hufanywa nini. Tutapanda ulingoni, tutajipaka mawese, tutacheza kwa bidii. Ila kuanguka, hatutaanguka. Bonaventura ametuthibitishia kwamba dini yake haimruhusu kumhesabia mtu aliyesimama. Na kwenye sheria za mchezo wetu hakuna dakika za mwisho wala sare, kwa sababu Mzee Ramadhani hakuwahi kufikiri kwamba mwanamieleka atakataa kuanguka. Kwa hiyo pambano la kwanza, la Mwenyekiti na Feliksi kabla ya lile la Ndikumana, litaendelea. Tumekadiria litaendelea jioni hii, na kesho. Watazamaji wetu hawaondoki kabla ya mtu kuanguka, unawajua, ni watu wako. Ijumaa au Jumamosi giza litarudi ziwani na dagaa watapanda, na maboti yako kumi na mawili yatataka mabaharia. Mabaharia watakuwa hapa nje, wanasubiri.

Hatusemi kwa ubaya.

HITIMISHO

Ndugu Ndikumana hakupenda risala hii iwe ndefu namna hii. Anasema tunamgombanisha. Yeye alikuwa na sentensi moja tu ya kukuambia, na kwa kuwa leo asubuhi tumemwona anakunja nguo za mtoto na kuziweka kwenye mfuko wa sulfeti, tumeona tuisome kama alivyoitamka:

"Mwambieni Alhaji, akinipa karatasi, nitamwangukia shemeji yake mpaka vumbi lionekane Mwandiga."

Mgeni rasmi, tunakuombea kwa Mwenyezi Mungu umri mrefu na macho mazima. Ayajaze maboti yako giza likirudi, awatulizie mawimbi wanaoyaendesha, amhifadhi Bi Zuleha kwa kutuambia ukweli. Mkono wako wa kulia nao auongoze, kwa dakika moja tu, mchana huu.

Benchi tumekuachia wewe na Mwenyekiti. Sisi tumesimama.

Chama cha Wanamieleka Nguvu Sawa,
Ujiji.